“Papa, tuongeze bido moja tu”

Siku tuliyomwaga betoni, yaani zege, ya nyumba yangu Ndosho, hayo ndiyo maneno niliyoyasikia mpaka jioni, na kila mara nilikubali. Kokoto zetu hapa Goma ni lava, zina matundu, zinakunywa maji kabla saruji haijaonja. Koleo likigoma tu, kijana anakimbilia bido, dumu la maji. Mwaka haukuisha, nikifagia sebule nazoa mchanga unaotoka kwenye sakafu yenyewe.

Maji yaliyozidi hayaungani na saruji. Hukauka, yakaacha vijitundu, na zege linalegea.

Dawa ipo. Punje za saruji zikikutana na maji hushikana mabonge, kama bugali la kijana anayejipikia mara ya kwanza, na maji hufungiwa humo. Dawa yenyewe ni polikaboksileti, kemikali ya kutia kwenye betoni, iliyobuniwa Japani miaka ya 1980. Hunata juu ya punje, na mikia yake huzizuia zisikaribiane. Maji yaliyofungiwa yanatoka kufanya kazi. Unaweza kupunguza hata asilimia 30 ya maji, na betoni bado ikamwagika vizuri.

Siku hizi wanakemia wanajaribu kuipika dawa hii kwa maikrowevu. Katika pipa la kawaida joto huanzia ukutani, likafika katikati polepole, na kazi inakula masaa. Mawimbi hupasha mchanganyiko wenyewe, ikawa dakika. Wapo wanaolisimulia kama uchawi. Mimi naona ni moto wa haraka tu. Tena mawimbi hayo hupenya sentimita chache, kwa hiyo pipa kubwa halifai. Mchanganyiko hupitishwa kidogo kidogo kwenye bomba jembamba.

Udogo huo ndio ninaoupenda: jiko dogo hivyo lingeweza kukaa hapa hapa Goma. Dawa hii huuzwa ikiwa majimaji, na mara nyingi nusu yake na zaidi ni maji matupu. Lori linapanda milima yote ile kutuletea maji, sisi tunaolala kando ya Ziwa Kivu! Mali ghafi bado itaagizwa, sikatai, lakini sehemu yake kubwa husafiri kama vipande vikavu mfano wa nta. Maji tungeyaweka wenyewe. Umeme wa Matebe, kituo chetu cha umeme wa maji, upo, ilimradi usikatike dawa ikiwa jikoni.

Nilimweleza fundi wangu yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza dawa hiyo ni bei gani. Nikabaki nameza mate.

“Basi Papa,” akasema, “bei ya bido ya maji mimi naijua.”