Mewtwo kwa watu watatu: tupeleke wakali au wagumu?

Jumamosi asubuhi tulikuwa watatu pale Kabwe, hapa Mbeya, ukungu bado umeufunika mlima Loleza, na Mewtwo, bosi wa gemu la simu la Pokémon GO, yuko juu ya jimu, kituo cha mapambano ndani ya gemu. Tulimkosa padogo. Muda uliisha uhai wake ukiwa umebaki kipande chembamba, na muda mfupi baadaye reidi, yaani pambano la pamoja dhidi ya bosi, ikafungwa. Njia nzima ya kurudi Soweto tulibishana: vikosi vyetu vya Pokémon ni dhaifu, au tulivipanga vibaya?

Kwa mchezaji wa Pokémon GO aliye kwenye jiji lenye wachezaji wengi, swali hili halina uzito. Reidi moja inapokea hadi watu 20, na wakijaa, hata kikosi kinachopendekezwa na gemu lenyewe kinatosha. Mbeya hesabu ni nyingine. Bosi wa nyota tano ana uhai wa 15,000 na mnapewa sekunde 300, kwa hiyo lazima apoteze 50 kila sekunde bila kupumzika. Mkiwa watatu, kila mmoja anadaiwa karibu 17. Mkiwa wawili, 25.

Mwenzangu mmoja anaamini ukali. Alikuja na Gengar sita, wapigaji wa aina ya mzimu, ambayo kwa Mewtwo kipigo chake huzidishwa mara 1.6. Anasema adui wetu ni saa, kwa hiyo Gengar akianguka baada ya kupiga sana amemaliza kazi yake, aingie mwingine. Tena Gengar hapatikani kwa shida: mkibadilishana Haunter, hatua yake ya awali, anageuka Gengar bila kudai zile peremende 100 za kumgeuza. Kwa vijana wasionunua chochote ndani ya gemu, hilo si jambo dogo.

Mwingine ni mtu wa Tyranitar. Huyu anapiga kwa aina ya giza, yenye faida ileile ya 1.6, ila anasimama muda mrefu zaidi. Pigo la Psychic, moja ya mapigo makubwa ya Mewtwo, likimfikia linabaki na asilimia 39 tu ya nguvu yake. Likimfikia Gengar, kwa kuwa ana aina ya sumu pia, linaongezeka mara 1.6. Ukiishia hapo utasema Tyranitar kashinda kesi.

Lakini Mewtwo haji na pigo moja siku zote. Akija na Focus Blast, pigo la aina ya upiganaji, Tyranitar anaipokea mara 2.56 na ugumu wake wote haumsaidii, wakati Gengar anaumia kwa robo tu. Na gemu halikwambii mapema kaja na lipi. Ndiyo maana nawashangaa wanaosambaza orodha ya "kikosi bora cha Mewtwo" kana kwamba Mewtwo ni mmoja.

Jumamosi ile alikuja na Psychic. Gengar wote sita wakaisha mapema, mwenzetu akatoka, akawafufua, akaingia tena. Kwenye mtandao mzuri hiyo ni shughuli fupi. Kwetu simu iliganda, na kwa makadirio yangu alikaa nje sekunde 20. Kwa deni la 17 kila sekunde, hapo peke yake tulipoteza kipigo cha 340, karibu sawa na kile kipande kilichobaki. Hoja ya ukali ni sahihi kama kurudi uwanjani ni rahisi. Kwa simu zetu na mtandao wetu, kila kurudi kunagharimu, na hilo linanivuta upande wa wagumu.

Hali ya hewa ilikuwa upande wetu. Ukungu ndani ya gemu huongeza mapigo ya giza na ya mzimu mara 1.2, kwa hiyo wa Gengar na wa Tyranitar wote walifaidika. Upepo ndio wa kuogopa, kwa sababu humwongezea Mewtwo mwenyewe, ingawa ukimkamata siku hiyo anakuja levo 25 badala ya 20.

Kuna Mega pia, yaani Pokémon aliyegeuzwa kwa muda awe na nguvu zaidi. Mega Gengar akiwa uwanjani, mapigo ya mzimu ya wenzake hupanda mara 1.3, ya giza mara 1.1 tu. Wale wawili walipovuta kila mmoja kwake, tuliitupa faida hiyo. Nami nilikuwa na mchanganyiko, mizimu mitatu na giza tatu, kwa hiyo sikumsaidia yeyote kikamilifu.

Msimamo wangu ni wagumu kwanza, wote tukubaliane aina moja, na jaribio la kwanza liwe la kupeleleza. Ukishindwa, pasi ya kuingilia reidi haipotei. Unarudi mpaka reidi ifungwe. Tuingie mapema, tutazame pigo lake kubwa la kwanza. Likiwa Psychic, tuendelee na Tyranitar. Likiwa Focus Blast, tutoke wote watatu, tupange Gengar, turudi na sekunde 300 mpya.