Kilwa Kisiwani: Chai ya Kijijini Itangulie Magofu

Ziara ya nusu siku inayoanza kwa chai ya asubuhi kijijini na kuendelea kwenye magofu ya mji wa kale ndiyo, kwa maoni yangu, njia bora ya kukijua kisiwa cha Kilwa Kisiwani, na ninasikitika kwamba wageni wengi bado wanapelekwa kwa utaratibu mwingine. Utaratibu uliozoeleka ni kumvusha mgeni kutoka Kilwa Masoko, mji ulio ng'ambo ya bahari, kumteremsha karibu na Gereza, yaani ngome ya kale iliyo ufukoni, kumzungusha juani kutoka ukuta hadi ukuta huku akitajiwa majina ya masultani, halafu kumrudisha bandarini kabla ya adhuhuri bila kumkalisha hata kidogo kwenye baraza ya mtu. Mgeni huyo anaondoka akiamini kwamba ameona mji uliokufa. Kumbe amepita kandokando ya kijiji chenye watu wanaolima, wanaovua, wanaosomesha watoto na wanaozika wazee wao katika ardhi ileile, na hakuna aliyemweleza kwamba nyumba za miti, udongo na makuti alizozipita zinahusiana na kile alichokuja kukitazama.

Nianze na saa, kwa sababu wapo wanaodhani nusu siku haitoshi. Kilwa iko yapata kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam, na anayekuja kwa barabara huiacha njia kuu ya Lindi pale Nangurukuru na kushuka hadi Masoko, kwa hiyo mgeni hana budi kulala Masoko usiku uliotangulia. Akiamka alfajiri na kuwa chomboni kunapopambazuka, bahari kwa kawaida bado imetulia, upepo haujachachamaa, na mkono ule wa bahari unaotenganisha Masoko na kisiwa huvukwa kwa muda mfupi. Saa moja na nusu anaweza kuwa amekwisha kuketi mkekani. Saa tatu anaanza kutembea, na kabla jua halijawa kali amekwisha kuona mambo makubwa. Anayevuka saa nne, baada ya kunywa chai ya hoteli, hukutana na joto lililokwisha kuiva na mara nyingine na maji yaliyokupwa kiasi cha kulazimika kuteremka mbali na ufuko. Muda wao ni uleule, ila huyu ameuanza vibaya.

Kuhusu chai yenyewe, ninasisitiza kwamba ipikwe kisiwani, na wenyeji wa kisiwa, na mgeni aione ikipikwa. Chukua vitumbua. Mchele huloweshwa tangu jana yake, ukasagwa pamoja na tui la nazi, ukatiwa sukari, hamira na iliki, kisha ukaachwa uumuke. Asubuhi mpishi hukalisha kikaango chenye vishimo juu ya mafiga, akatia tone la mafuta katika kila kishimo na kumimina rojo kwa upawa. Kingo zinapoanza kukakamaa na katikati bado kunatetemeka, hukigeuza kila kimoja kwa kijiti, haraka, kwa mpigo mmoja wa kifundo cha mkono, na upande wa pili huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko wa kwanza. Mgeni akipewa kijiti ajaribu, ataharibu viwili vitatu kabla hajakipata kile cha kujivunia. Wakati huo mwingine amekalia mbuzi anakuna nazi ya mihogo, samaki wa usiku wanakaangwa pembeni, na chai ya rangi yenye tangawizi inachemka. Mazungumzo huanza yenyewe. Mtu ambaye kwenye magofu angeogopa kumuuliza mwongozaji maswali, hapa anauliza watoto wanasoma wapi, maji yanatoka kisima gani, na msimu wa kusi unawaathiri vipi wavuvi.

Zaidi ya ukarimu, lile sinia la chai ni somo la historia, na mwongozaji makini angelitumia. Mchele na nazi vilivuka Bahari ya Hindi kutoka Asia, kwa biashara na safari zilezile zilizoutajirisha mji huu. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, na ulifika barani Afrika kwa mikono ya Wareno, maana yake ni kwamba sultani aliyejenga kasri la Husuni Kubwa hakuwahi kuuonja. Majani ya chai yalizoeleka huku baadaye sana. Mgeni aliyeelezwa hayo huku anakula atakapofika kwenye magofu atakuwa ameshika jambo la msingi, yaani kwamba pwani hii ilipokea vitu kutoka kila upande wa bahari na kuvifanya vyake, na kwamba kazi hiyo haikukoma masultani walipoondoka.

Niliwahi kufuatana na wageni waliokuwa wameandaliwa ziara na kampuni moja ambayo tangazo lake liliahidi kifungua kinywa cha kijijini. Kilichotolewa ni mkate wa dukani uliokatwa vipande, siagi ya kopo na kahawa ya unga, vyote vikiwa vimebebwa kwenye kasha kutoka mjini, vikaliwa chini ya mwembe huku wanakijiji wamesimama kando wakitazama. Sikukasirishwa na mkate. Niliumia kuona watu wakifanywa mandhari ya chakula cha wengine katika ardhi yao wenyewe, na wale akina mama waliokuwa na vitumbua vyao kwenye beseni wakirudi navyo nyumbani.

Jambo hilo linauma zaidi mtu anapokumbuka sifa iliyoifanya Kilwa itajwe duniani. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alifika mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipaji alivyotoa. Msafiri huyo aliusifu mji kwa uzuri, lakini aliyoyaandika kwa kirefu zaidi ni tabia ya mtawala: kwamba alikuwa mnyenyekevu, akiketi na mafakiri na kula pamoja nao, na kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alipomwomba nguo alizozivaa, aliingia ndani, akabadili, akampa. Katika safari hiyohiyo aliandika pia vyakula alivyovikuta pwani, wali wa samli na ndizi zilizopikwa kwa maziwa kule Mogadishu, ndizi na samaki kule Mombasa. Huyu hakuona ajabu kuweka chakula na majengo katika habari moja. Sioni kwa nini sisi tuvitenganishe.

Baada ya chai, Msikiti Mkuu ndio mahali pa kuanzia. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au ya 12, na paa lake halipo tena. Sehemu ya kusini, iliyoongezwa karne ya 14 na kufanyiwa ukarabati mkubwa baadaye, ina kuba na matao ambayo mpaka leo yanamfanya mtu ashushe sauti bila kuambiwa. Ningependa mgeni asimame kwanza penye kibla, kisha atembee kusini polepole, ili aone kwa macho mji ulivyokuwa ukiongezeka watu na mali. Karibu na hapo upo msikiti mdogo wenye kuba, wa karne ya 15, ambao darini mwake zilipachikwa bakuli za kauri ziwe pambo. Aliyetoka kula kijijini hahitaji maelezo marefu kuona uzito wa watu kuchukua chombo cha mezani kilichovuka bahari na kukipandisha juu ya vichwa vya wanaoswali.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, upande wa mashariki, juu ya mwamba unaotazama bahari. Ni kasri lenye vyumba zaidi ya 100, lenye kidimbwi cha kuogea cha pembe nane, na inaelekea halikuwahi kukamilika. Fedha za kujengea zilitokana na dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo iliyokuwa chini ya himaya ya Kilwa, na sarafu ya shaba yenye jina la huyuhuyu al-Hasan bin Sulaiman imepatikana huko Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa kale nchini Zimbabwe. Sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko.

Hapa ndipo ninapotaka mwongozaji awe mtu wa kisiwani. Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Mtu aliyekulia kisiwani anaijua mikoko ilivyo migumu kukata na jinsi isivyoliwa na mchwa upesi, anaijua chokaa, anajua ni kisima gani kina maji matamu na kipi kina magadi, na anajua hadithi ambayo wazee wamepokezana kuhusu mwana wa mfalme kutoka Shirazi, huko Uajemi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo nyingi kiasi cha kukizunguka. Wanaakiolojia, hasa tangu uchimbaji wa Neville Chittick ulioanza miaka ya 1950, wametuonyesha kwamba mji ulianza na kukua kwa mikono ya watu wa pwani hii. Msimuliaji mzuri atazieleza habari zote mbili, ile ya nguo na ile ya udongo uliochimbwa, bila kuidharau yoyote.

Asiruke pia mambo machungu. Gereza linaloonekana kwanza mtu anapokaribia ufuko linakumbusha Julai 1505, Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida walipouvamia mji na kujenga ngome yao. Lililopo sasa kwa sehemu kubwa ni kazi ya enzi za Waomani. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Morice, mfanyabiashara wa Kifaransa, wa kumpatia watumwa 1000 kila mwaka. Na katika habari ileile ya ukarimu wa al-Hasan, Ibn Battuta anasema fakiri yule baadaye alipewa watumwa na mizigo ya pembe za ndovu. Nimewahi kusikia ziara nzima ikimalizika bila neno utumwa kutamkwa hata mara moja, eti wageni wasiharibikiwe na asubuhi yao. Wageni ni watu wazima, na wengi wao wamekuja kwa ajili ya kujua.

Ningependa pia waandaaji waache tabia ya kuongeza Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu yake, katika asubuhi hiyohiyo. Magofu yale ni mazuri mno na yanastahili siku yake. Kuyabandika mwishoni maana yake ni kukata chai, kukimbia Msikiti Mkuu na kuiacha Husuni Kubwa. Nusu siku inatosha kwa kisiwa kimoja, kijiji chake na mlo mmoja.

Suala la malipo halina budi kusemwa wazi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kuta haziwezi kulindwa na serikali peke yake. Mawimbi yanakula ufuko, mizizi inapasua mawe, na mtu wa kwanza kuona ufa mpya ni mwanakijiji anayepita kwenda shambani. Akiwa anapata riziki halali kutokana na mgeni aliyekunywa chai kwake, ufa ule utakuwa unamhusu. Kwa hiyo fedha ya chai ilipwe kisiwani, mikononi mwa waliopika, siku ileile, na isihesabiwe ndani ya ada ya kiingilio wala ndani ya bei ya kampuni ya mjini ambayo mpishi hataiona kamwe. Zamu za kupika zipangwe na kijiji chenyewe, ili isiwe nyumba moja iliyo karibu na gati ndiyo inayopokea wageni mwaka mzima huku walio ndani zaidi wakisikia tu vishindo vya boti.

Kuna mambo ambayo mgeni naye anapaswa kuyazingatia. Avae nguo za heshima tangu anapopanda chombo, kwa kuwa anaingia kijiji cha Waislamu na atakanyaga misikiti ambayo kukosa paa hakukuiondolea heshima. Aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa mtu anayepika. Vigae vya vyungu na vipande vya kauri atakavyoviona chini aviache palepale, hata kama mtoto anamletea kiganjani, na asimpe mtoto yule fedha kwa kumshukuru, maana kesho atakwenda kuchimbua zaidi.

Ipo Ramadhani pia, ambayo watangazaji wa ziara hizi huisahau. Mwezi huo chai ya asubuhi isidaiwe kabisa. Ninapendekeza ziara igeuzwe: mgeni avuke baada ya adhuhuri, aanze na Husuni Kubwa, afike Msikiti Mkuu wakati wa alasiri jua linapopenya chini ya matao, na aketi na wenyeji wake magharibi kwa futari ya tende, uji, mihogo na samaki, kama nahodha ameridhika na hali ya bahari ya kurudi usiku. Wapishi walioniambia kuhusu utaratibu huo waliufurahia kuliko ule wa asubuhi, kwa sababu futari hupikwa kwa wingi kila nyumba na mgeni mmoja au wawili hawaongezi kazi.