Programu ishike besi ya kwaya mpaka wapi?

Mafundi sauti wa studio ndogo za Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Igoma, tuna ubishi ambao haujaisha. Nguvu ya sauti ya gitaa la besi iachiwe programu iipandishe na kuishusha yenyewe, au fundi akae nayo noti kwa noti? Nimefanya kazi kwa njia zote mbili. Msimamo wangu ni kwamba programu inafaa kwenye beti, lakini sebene, ile sehemu ya kucheza, ishikwe kwa mkono.

Chukua kazi ya hivi karibuni. Kwaya moja ya Sengerema ilikuwa imerekodi nyimbo sita. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, watu wa ng'ambo ile wanavuka asubuhi na kutaka kurudi jioni hiyohiyo, kwa hiyo mwalimu wa kwaya na mpiga besi wake walikuja kukaa nami kwenye miksi, yaani kuzichanganya na kuzipanga sauti zilizorekodiwa, wakiwa na siku moja tu. Kijana wa besi amejifunzia kanisani, na anapiga kwa vidole viwili. Cha shahada kina nguvu, cha kati ni kilegevu. Ukikuza mchoro wa sauti yake kwenye skrini unaona mlima, kichuguu, mlima, kichuguu, wimbo mzima. Wimbo wa dakika tano una noti za besi mamia. Kuzisawazisha kwa mkono kunanila saa mbili na nusu kwa wimbo mmoja.

Hapo ndipo programu za aina ya Bass Rider ya kampuni ya Waves zinapopata watetezi. Unaiwekea kiwango unachokitaka na mipaka ya kupanda na kushuka, halafu inasogeza sauti kama ambavyo ungeisogeza kwa kidole kwenye mikisa. Kompresa ni kitu kingine. Kompresa inabana sauti kila inapozidi kiasi, na besi haipendi kubanwa ovyo. Uzi mnene wa gitaa la besi, ule wa E, hutikisika mara 41 kwa sekunde, maana yake wimbi moja linachukua kama milisekunde 24. Ukiiweka kompresa ishike na kuachia haraka kuliko hapo, inaanza kulikimbiza wimbi lenyewe na besi inakwaruza. Nimesikia nyimbo nyingi nzuri za kwaya zilizoharibika hivyo, na inaniuma, kwa sababu mpigaji hakukosea chochote.

Hoja nyingine ya watetezi hao ilinichukua muda kuikubali, nayo inahusu chumba. Chumba changu kina upana wa mita 3, kuta za tofali za saruji na plasta. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya kuta mbili za namna hiyo kuna noti inayonasa kwenye mitikisiko 57 hivi kwa sekunde. Uzi wa A wa besi uko kwenye 55. Nikiegemea ukutani noti hiyo inavuma. Nikikaa katikati, mahali fundi anapokaa siku zote, inafifia kabisa. Mkono wangu ukaipandisha, mara nyingi, kwa miaka. Kazi zikitoka nje na kupigwa kwenye sabufa sebuleni kwa mtu, A inalipuka. Mwalimu mmoja aliwahi kunipigia simu akasema, "Fundi, besi inawameza akina mama wote." Programu haikai kwenye kiti changu. Inapima umeme ulioingia kwenye kompyuta, na kuta haziwezi kuidanganya. Katika mji ambao studio nyingi ni chumba cha kawaida cha kupanga, hiyo si faida ndogo.

Lakini kipimo si sikio. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, yaani noti ya chini inahitaji nguvu zaidi ili isikike sawa na iliyo juu yake. Programu ikizisawazisha kwa kipimo, ile E ya chini inabaki nyuma na noti za juu zinajitokeza mbele, huku skrini ikionyesha mstari ulionyooka. Kiwango cha kuanzia nacho kinawekwa na mimi, kwa masikio yaleyale yaliyokaa katikati ya chumba kilekile. Kwa hiyo udanganyifu wa chumba hauondoki wote.

Kwa spika ya simu, ambayo wachuuzi wengi wa dagaa pale Mwaloni ndiyo wanayosikilizia, ubishi wetu hauna maana kubwa. Spika hiyo haitoi mitikisiko 41. Kinachosikika ni ile mitikisiko ya juu zaidi inayoandamana na noti, halafu ubongo unajaza iliyobaki. Hapo dawa ni rangi ya sauti ya gitaa, na upandishe kwa programu au kwa mkono, ni kazi bure.

Tatizo langu kubwa na programu ni sebene. Katika nyimbo hizi beti zinatembea kwa utulivu, kiitikio kinaongezeka kidogo, halafu ngoma inabadilika, magitaa yanachukua uongozi na waimbaji wanaanza kucheza. Kijana wa Sengerema alipofika hapo alipiga kwa nguvu kuliko wimbo wote uliotangulia. Hakuteleza, alikuwa anafanya kazi aliyoitiwa. Programu ikaona besi imezidi kiwango, ikamshusha. Niliusikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho na sebene ikaingia kama ubeti mwingine tu. Mwalimu hakusema neno. Kijana mwenyewe ndiye aliyeniuliza, kwa sauti ya chini, "Kaka, pale mwisho sikupiga vizuri?"

Alipiga vizuri sana. Programu ilikuwa imetii amri niliyoipa, kwamba kila noti ilingane na mwenzake. Ningeweza kuibana mipaka isishushe zaidi ya desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), lakini basi ile milima na vichuguu vya kwenye beti ingerudi.

Nilichofanya ni kuiacha iandike mienendo yake, yaani kila ilipopandisha na kushusha, wimbo mzima, kisha nikafuta yote kuanzia sebene inapoanza. Kutoka hapo nikapandisha besi yote desibeli 2 na kwenda noti kwa noti, nikigusa zile tu ambazo kidole cha kati kiliziangusha. A sikuigusa mpaka nilipoisikia kwenye sabufa iliyoko chumba cha pili. Sebene moja ilinichukua dakika arobaini na zaidi.

Mwenzangu wa Nyakato anasema hakuna kwaya inayonilipa kwa dakika hizo arobaini, na ni kweli. Bei ya miksi haikubadilika. Jioni ile walivuka daraja wakiwa na nyimbo nne, mbili nikazimalizia kesho yake na kuwatumia kwa simu.