Jirani Asiyeomba Chumvi

Kimbunga Hidaya kilipokuja, Mei 2024, nilikuwa nimepanga Kilwa Masoko, nyumba yenye ukuta na geti la bati. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatahadharisha, wavuvi wakavuta vyombo vyao juu, na sisi wa nchi kavu tukajifanya hayatuhusu. Jumamosi ya tarehe 4 kikaingia Mafia. Huku kwetu upepo ulivuma usiku kucha, na kabla ya alfajiri mnazi mmoja ukalalia nyaya. Giza.

Hidaya maana yake zawadi. Bibi wa nyumba ya kona alicheka aliposikia jina hilo, akasema sisi watoto tu, tungekuwepo mwaka 1952 kilipoipiga Lindi ndipo tungejua kimbunga ni nini.

Asubuhi mtaa mzima ulitoka kuutazama ule mnazi. Waya ulikuwa umelala kwenye dimbwi, vijana wakakata matawi wakaziba njia, wakakaa pale zamu kwa zamu wasije watoto wakakanyaga. Hakuna aliyewatuma. Nami nilitazama kidogo, nikarudi ndani. Nina sola ndogo na betri, taa zangu zilikuwa zinawaka, mtungi wa gesi upo. Nikajiambia simsumbui mtu na mtu asinisumbue. Nililelewa hivyo, na kwa miaka mingi nikaamini kwamba huo ndio ujirani mwema.

Siku hizi kila baada ya maafa watu hutumiana video za majirani wakibebana kwenye maji, chini yake maneno kuhusu umoja wetu na utu wetu. Sina ugomvi na video hizo. Ila niliyoyaona pale mtaani yananifanya niseme kwamba utu peke yake haukumfikisha mtu mbali. Waliosaidiana vizuri walikuwa wale waliokuwa wakidaiana tangu zamani.

Mama muuza barafu, kwa mfano. Ana friza kubwa, ndani yake barafu, pweza na samaki wa kuuza. Siku ya kwanza alikataa katakata mtu kuifungua. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, huhifadhi ubaridi hata siku mbili, na mwenyewe alikaa juu ya mfuniko kama kuku juu ya mayai. Jumatatu asubuhi, ubaridi ulipoanza kukimbia, akawatuma watoto nyumba kwa nyumba: njooni na vyombo. Jua la kuanikia ng'onda halikuwepo, kwa hiyo ni kukaanga na kupika siku hiyohiyo. Watu walikuja na masufuria na mabeseni, na yeye akachota huku binti yake kashika daftari. Kilo mbili, mama wa nyumba ya bluu. Kilo moja na nusu, fundi baiskeli. Hakugawa sadaka. Alikopesha, kwa bei ya chini kidogo, na alijua nani atalipa mwisho wa mwezi na nani itabidi akumbushwe mara tatu.

Wengine watasema hiyo ni biashara. Iwe biashara. Mimi naona daftari lile lilimwokolea mama mtaji, likawalisha watu samaki wakati barabara ya Dar es Salaam imekatika maeneo ya Somanga na dukani bidhaa zinahesabika, na kila aliyekula alikula bila kuinamisha kichwa.

Halafu kuna mzee mwenye kisukari. Insulini yake alikuwa akiiweka kwenye friji, na friji sasa ni kabati tu. Mama muuza barafu alilijua hilo bila kuambiwa, kwa sababu kila umeme ulipokatika huko nyuma mzee humtuma mjukuu kuomba barafu. Safari hii barafu yenyewe ilikuwa inayeyuka, na isitoshe dawa ile ikiganda imeharibika, haifai kugusana na barafu. Bibi wa kona ndiye aliyetoa mtungi. Mtungi wa udongo, ule wa maji ya kunywa, unaotoka jasho kwa nje na kupoza kilichomo ndani. Wakafunga vichupa kwenye mfuko wa plastiki, wakaviweka ndani ya kopo kavu, wakaliacha lielee juu ya maji, mtungi wakauweka kibarazani penye upepo. Niliingiza mkono baadaye, nilipokuja kuonyeshwa. Maji yalikuwa baridi kweli.

Nilionyeshwa kwa sababu siku ya tatu gesi yangu iliisha. Duka la gesi lilikuwa linasubiri gari, na gari liko upande wa pili wa Somanga. Nikatoka na ndoo tupu kwenda kwa bibi wa kona kuomba mkaa, kwa mara ya kwanza tangu nihamie.

“Hodi.”

“Karibu, jirani. Kumbe na nyie huwa mnaishiwa?”

Hakusema kwa kejeli. Walikuwa wanadhani kwa dhati kwamba nyumba ile haipungukiwi kitu. Akanijazia ndoo, kisha akauliza, kwa sauti ya chini kama anayeomba jambo kubwa, eti zile taa zangu zinaweza kuchaji simu? Siku tatu walikuwa wanaziona zinawaka juu ya ukuta, na hakuna aliyegonga. Mtu asiyewahi kuja kwako kuomba chumvi utaanzaje kumwomba umeme?

Jioni hiyo nilikuwa na simu kumi na moja mezani, nyingi vitochi, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe kwa kalamu. Moja ilikuwa ya yule mzee. Mwanawe alikuwa Mtwara, akijaribu kumpata tangu Jumapili.

Hiyo simu ndiyo iliyoniuma. Umeme wa kumwezesha mzee kumjibu mwanawe ulikuwa kwangu muda wote, hatua thelathini, na kilichouzuia ni ustaarabu wangu wa kutosumbua watu. Mtu anayejitosheleza huwanyima wenzake mlango wa kuingilia. Anayekuja kuomba kitunguu anakuonyesha kwake kumepungua nini, na papo hapo anakupa ruhusa ya kwenda kwake siku yako ikifika.

Mafundi walikuja siku ya nne. Watoto walipiga ukelele mtaa mzima, “Umemeee!”, friza ikaanza kunguruma, na mimi nikarudisha ndoo ya mkaa.

Juzi nilimtuma mwanangu kwa mama muuza barafu akaombe kitunguu. Kitunguu tulikuwa nacho. Akarudi na viwili, na ujumbe kwamba lile bakuli lake la mwezi uliopita analisubiri.