Herufi Tisa za Kipa Ambaye Sikuwahi Kumwona Akidaka

Jezi yangu ya mwaka 2023 ya Simba, klabu ya soka ya wekundu, ina herufi tatu mgongoni, S, O na N, na kushoto kwa herufi hizo ina kiraka cha kijani chenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Wasionifahamu hudhani kwamba mimi ni mpenzi wa Son, yule Mkorea aliyekuwa Tottenham, na wanaonifahamu huanza kucheka kabla sijafika karibu. Kwa kuwa nimechoka kumweleza kila mtu peke yake, nimeona niandike kisa chote kama kilivyokuwa, ingawa hakuna mahali hata pamoja ambapo kinanipa heshima.

Naishi Ngamiani, Tanga, na nimeoa katika nyumba ya Yanga, watani wetu wa kijani na njano. Sisemi kwamba ndani yake wamo mashabiki wa Yanga. Nasema nyumba yenyewe ni ya Yanga, kuanzia mlango uliopakwa rangi ya kijani hadi mama mkwe wangu, ambaye hajui jina la kocha yeyote lakini Yanga ikifungwa hapiki. Kaka wa mke wangu ni jirani yangu, na kila jioni baada ya swala ya magharibi tunakutana kwa muuza kahawa, tunakaa benchi moja, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, na tunabishana mpaka birika linakauka. Julai ndio mwezi wetu mgumu, kwa sababu hakuna mechi za ligi za kuamua nani mkweli. Kuna usajili, kuna kambi za nje, na kuna mechi za kirafiki ambazo kila mtu huyasoma matokeo yake anavyotaka: timu yake ikishinda, kikosi kimeiva, ikifungwa, kocha alikuwa akijaribu wachezaji.

Mimi kila Julai hununua daftari la kurasa 32 na kuandika humo kikosi kitakachoanza, nafasi kwa nafasi, pamoja na nani atamweka nani benchi. Mwaka ule Simba walipokwenda Uturuki kujiandaa na msimu, daftari lilijaa mapema. Willy Onana alikuwa ametoka Rayon Sports, Che Malone Fondoh ametoka Coton Sport, Aubin Kramo ametoka ASEC Mimosas, Fabrice Ngoma ametoka Al Hilal ya Sudan, na Luis Miquissone alikuwa amerudi nyumbani. Kwa Kramo niliandika “hana mpinzani” na nikapiga mstari mara mbili. Majeraha yakamfanya aonekane kwa nadra kama kupatwa kwa jua. Kwa Che Malone niliandika “tungoje”, naye akawa ukuta. Hiyo ndiyo hali ya daftari langu kwa jumla, na ninaitaja mapema ili msomaji asije akashangazwa na yaliyotokea katika ukurasa wa makipa.

Katika ukurasa huo, Aishi Manula alikuwa majeruhi na Beno Kakolanya alikuwa amehamia Singida, kwa hiyo jina lililobaki lilikuwa la Ally Salim, kijana ambaye kwa muda mrefu tulimzoea kama kipa wa tatu, yule anayepasha wenzake misuli moto kisha akavaa koti. Ndipo klabu ikamtangaza Jefferson Luis, kipa kutoka Brazil. Picha ya utambulisho ilinitosha. Niliikuza kwenye simu mpaka viganja vikajaa kioo, nikavilinganisha na viganja vya muuza kahawa, ambaye ni pande la mtu, kisha nikatangaza mbele ya benchi zima kwamba vita ya namba moja imekwisha kabla haijaanza. Hoja yangu ya pili, ambayo hadi leo naona ina mantiki, ilikuwa kwamba klabu haiwezi kutoa nafasi moja kati ya 12 za wachezaji wa kigeni, ikampa kipa, halafu ikamkalisha.

Shemeji hakupandisha sauti. Alisukutua kinywa kwa kahawa, akaimeza, akasema:

“Shemeji, huyo Ally unayemkalisha benchi ndiye aliyekuwa langoni Aprili mlipotufunga mbili bila. Ndiye aliyekuwa langoni mlipocheza na Wydad hadi Casablanca. Wewe mwenyewe ulilia hapa hapa, ukasema mtoto ana moyo.”

“Ile ilikuwa dharura, shemeji.”

“Basi dharura yenu inadaka vizuri. Sisi kipa wetu ni Diarra tangu 2021, na daftari hatuna.”

Watu wakacheka, na kicheko cha watu kikanitoa kauli ambayo mtu mwenye akili timamu huitoa akiwa peke yake chooni. Nilisema kwamba ikiwa Ally Salim atakaa langoni katika Ngao ya Jamii, mashindano ya kufungua msimu, ambayo mwaka ule ilikuwa ikichezwa hapa hapa Tanga katika uwanja wa Mkwakwani, basi nitalipia kahawa na kashata za wote watakaokaa kwenye benchi lile kwa siku saba. Muuza kahawa, ambaye kwa kawaida hatii neno katika mabishano ya mpira, aliomba nirudie tamko hilo ili alisikie vizuri.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa kuchapa jezi. Alitoza shilingi elfu moja kwa kila herufi, na Jefferson ana herufi tisa. Alinishauri kwa upole niandike “Jeff”, ambayo ingenigharimu elfu nne, nami nikamjibu kwamba kipa wa namba moja hafupishwi. Namba sikuweka, kwa sababu sikuwa na hakika nayo. Niliivaa jezi hiyo siku nne mfululizo, nikitembea polepole mbele ya nyumba ya shemeji ili apate muda wa kusoma.

Habari ya kwamba Mbrazili ameumia kambini ilinifikia kupitia kwa mama mkwe, na hilo peke yake lilitosha kunionyesha ukubwa wa msiba. Mwanamke asiyemjua kocha wa timu yake alinisimamisha mlangoni, akaniuliza kwa huruma ya kweli, “Mwanangu, eti yule uliyemwandika mgongoni ameteguka?” Nikasema ni mambo madogo, mama, atapona. Hazikupita siku nyingi klabu ikaachana naye, ligi haijaanza, na mimi nikabaki ndiye mtu pekee Ngamiani ambaye bado alikuwa na mkataba na Jefferson.

Niliazimia kuyabandua maandishi kabla ya Ngao. Fundi alinieleza njia: weka kitambaa chepesi juu ya herufi, pitisha pasi yenye moto wa kadiri, kisha ivute herufi taratibu ingali moto. Jioni ile umeme ulikatika, nami kwa haraka yangu nikaazima pasi ya mkaa kwa mama mkwe. Pasi ya mkaa haina moto wa kadiri, ina moto. J ilitoka vizuri, ikaacha kivuli chekundu kilichokolea kuliko jezi yenyewe. E na F mbili zikafuata, kisha E ya pili, na nikaanza kujiona fundi. Nilipofika kwenye R, shemeji alipita dirishani akaniuliza kama nampiga pasi Mbrazili au namzika. Niligeuka kumjibu. Katika muda wa jibu hilo, ambalo halikuwa hata refu, nilisikia harufu ya plastiki, na nilipoinua pasi, R ilikuwa imeondoka pamoja na kitambaa kilichokuwa chini yake. S, O na N sikuthubutu kuzigusa.

Mke wangu aliichukua jezi bila kusema neno, akampelekea mama yake aliye na cherehani. Ilirudi asubuhi ya fainali, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko, na kwa kuwa nilikuwa nimechelewa kwenye foleni ya tiketi, niliivaa gizani huku natafuta viatu.

Lazima niseme kwamba hadi kufikia hapo nilikuwa tayari nadaiwa. Tarehe 10 Agosti tulicheza nusu fainali na Singida Fountain Gate, tukapita kwa penalti, na aliyekuwa langoni ni Ally Salim. Nilimweleza shemeji kwamba kocha alikuwa akimficha kipa wa kweli. Akaniuliza kipa gani. Nikasema tusubiri fainali, naye akakubali, kama mkulima anayeuacha muhogo uzidi kunenepa.

Tarehe 13 Agosti, Mkwakwani ilijaa mapema. Niliketi upande wa wekundu, nikapiga kelele kwa moyo safi, mpaka mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega.

“Mwanangu, samahani. Wewe ni mwenzetu kweli?”

“Mzee, huioni jezi?”

“Naiona. Ndiyo maana nauliza.”

Kijana wa pembeni alinipiga picha mgongo, akanionyesha. Mama mkwe wangu alikuwa ameliziba tundu kwa kitambaa cha kijani kibichi, kijani hasa ya Jangwani, makao ya Yanga, akalishonea ukingo kwa uzi wa njano. Hadi leo yeye anasema ndicho kipande pekee kilichokuwa kwenye kapu la vitambaa. Nimewahi kuliona kapu hilo. Lina vipande vyekundu. Nilivua jezi, nikaigeuza ndani nje, nikaivaa tena, na hivyo ndivyo nilivyoitazama mechi, nikiwa na lebo ya maelekezo ya kufua ikipepea kiunoni.

Dakika tisini ziliisha bila bao. Zilipofika penalti, Ally Salim alisogea langoni, na mimi, mtu niliyemweka benchi kwa kalamu ya wino, nilijikuta nimemshika mkono yule mzee nikimwombea kijana yule kwa jina la mama yake nisilolijua. Aliokoa moja. Akaokoa nyingine. Alipookoa ya tatu tukawa tumeshinda 3–1, na nilimkumbatia kila mtu aliyekuwa karibu, nikapaza sauti kwamba nilijua, nilijua tangu mwanzo. Kijana aliyenipiga picha alinitazama kwa muda mrefu kidogo.

Sasa fikiria hali yangu. Timu yangu imembwaga mtani, ngao imekuja Msimbazi, makao yetu Simba, na anayetakiwa kuwakirimu watu kwa siku saba ni mimi. Shemeji alifika kwa muuza kahawa jioni ya kwanza akiwa na uso wa mtu aliyefungwa, akakaa, akanywa vikombe vitano. Siku ya pili alileta wafanyakazi wenzake. Siku ya tatu benchi halikutosha, muuza kahawa akaazima mkeka msikitini, na kashata zikawa zinaletwa kwa sinia kubwa ambalo sikuwahi kuliona kabla. Walikuja watu kutoka barabara ya mbali ambao hawakujua hata kama msimu umeanza. Kila aliyepokea kikombe alikiinua na kusema, “Kwa afya ya Ally,” na mimi nililazimika kuitika.

Daftari la mwaka uliofuata nililinunua kwa siri. Ukurasa wa makipa haukunisumbua tena, kwa kuwa Ayoub Lakred, Mmorocco aliyekuja baada ya Jefferson, alikuwa amemaliza msimu akiwa namba moja asiye na ubishi. Mara hii nilikuwa nimemwona mtu akidaka kwa macho yangu, msimu karibu mzima, si viganja kwenye picha. Nikaenda kwa fundi, nikalipia herufi sita, nikamwambia asubiri kidogo mpaka jezi mpya itoke.

Julai 2024 Simba wakaenda kambini Ismailia, Misri. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nakula wali wa nazi shemeji aliponipigia simu.

“Shemeji, Lakred ameumia kambini. Umeshachapisha?”

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata. Klabu ilipomleta Moussa Camara kutoka Horoya ya Guinea nilirudi kwa fundi, nikamuuliza kama zile herufi sita zinaweza kumsaidia Camara kwa namna yoyote. Alizimwaga mezani, akazipanga, akazipangua.

“A inafaa,” alisema, “na R inafaa. Zilizobaki utanunua. Lakini kaka, huyu mwenzetu anadaka vizuri. Kwa nini usimwache tu bila kumwandika?”