Nimeng'oa alamu ya gari na sijutii hata chembe

Tangu wiki jana nimeng'oa alamu ya gari langu na kila anayesikia ananitazama kama nimevua suruali barazani. "Si utaibiwa!" Yakhe, niibiwe nini? Ni Toyota 110 ya mwaka 98, namba zake zaanza na KA, mlango wa nyuma kushoto hufunguka kwa ndani tu, redio ilikufa zamani ikabaki saa, na hio saa yenyewe iko mbele dakika arobaini. Mwizi akilichukua nadhani atalirudisha mwenyewe kabla ya alfajiri na petroli atie.

Nililinunua mkono wa tatu au wa nne, sijui, bwana mwenye kuniuzia akanipa funguo moja na rimoti iliyofungwa raba bendi ili isipasuke, akasema "alamu ipo, na ni zile za zamani, za nguvu." Basi. Hakuongeza neno, wala mie sikuuliza, nilikuwa nimefurahi kama mtoto siku ya Idi. Miezi miwili ya kwanza ikatulia. Zikaja mvua za mwezi wa tano, na hapo ndo nikajua nimenunua nini.

Rimoti ikaanza kukataa. Nikaibadilisha betri, ile ya volti 12 ndogo kama kidole cha mtoto, ikakubali siku nne ikakataa tena. Na alamu ikaanza kulia yenyewe. Mkokoteni wa maji ukipita na mitungi yake, yalia. Paka akiruka juu ya boneti, yalia. Kusi likivuma kidogo, yalia. Siku nyengine hakuna mkokoteni, hakuna paka, hakuna upepo, majani ya mwarobaini hayatikisiki hata moja, nayo yalia tu, nadhani kwa kukumbuka mambo yake ya zamani.

Usiku nilioapa kuing'oa ilikuwa saa tisa kasorobo. Natoka na kikoi, nabonyeza rimoti, hakuna kitu. Ami wa nyumba ya mbele kafungua dirisha.

"We kijana, hilo gari lako lina jini?"

"Samahani ami, nalizima sasa hivi."

"Juzi pia ulisema sasa hivi."

Nikajiona mjanja, nikafungua boneti, nikachukua spana namba kumi nikachomoa waya wa betri. Umeme hakuna, kelele itatoka wapi? Wallahi saireni ikabadilisha sauti ikaanza upya kwa nguvu zaidi. Kumbe zile saireni za zamani nyengine zina betri yao ndani kwa ndani, zimetengenezwa makusudi, mwizi akikata umeme wa gari ndo zilie zaidi. Nyuma yake kuna tundu la kifunguo kidogo cha kuizimia. Hicho kifunguo alikipoteza nani kati ya wenye gari wa mwanzo, Mungu ndo ajuaye. Nikafungua bolti, nikakata nyaya zake kwa kisu cha jikoni (msicheke), nikabaki nimesimama nje usiku na kitu mkononi kinalia kama nimemuiba mtoto wa mtu, na kikoi chenyewe kinateremka. Nikakimbia nacho ndani, nikakizungushia taulo, nikakitia kwenye jungu la pilau, kifuniko juu, mto juu ya kifuniko. Kililia humo humo, sauti ikipungua pungua, mpaka karibu na adhana. Mke wangu hajanisamehe lile jungu mpaka leo.

Sasa nije kwa linaloniuma, maana hayo ya jungu ni kichekesho tu.

Mnaoniambia nitaibiwa, nawauliza, mara ya mwisho umesikia alamu ya gari ukatoka nje kuangalia ni lini? Si kutoka kumtukana mwenye gari. Kutoka kuangalia kama kuna mwizi. Mie nitawaambia yangu. Mwaka jana kuna Probox ilikuwa ikilala pale kwenye kona, ya kijana mmoja anayepeleka mikate madukani. Alamu yake ilikuwa kama hii yangu, kila usiku mara mbili tatu. Usiku mmoja ikalia, nikageuka upande wa pili nikajifunika mto kichwani nikamlaani yule kijana na mikate yake. Ikalia kama dakika tatu, halafu ghafla kimya. Nikasema alhamdulillah. Nilisema kwa mdomo wangu, alhamdulillah, nikalala. Asubuhi gari halina vioo vya pembeni na betri haipo. Yaani ule ukimya niliomshukuru Mungu kwa ajili yake ndo wezi walikuwa wamemaliza kazi, wamebeba betri wanaondoka. Na si mie peke yangu, niliuliza, nyumba nne zilisikia na nyumba nne zote zilishukuru kama mie. Yule kijana alikaa siku mbili hajapeleka mikate. Nilimpa pole nikiwa siwezi kumtazama machoni.

Kwa hivyo msiniambie alamu yalinda gari. Alamu hailindi gari, alamu yaita watu, na watu ndo walinde gari. Sasa ikishawaita watu mara mia mbili bure, hio mara ya mia mbili na moja unadhani nani atatoka? Sisi wenye mikweche inayolia ovyo tumeufunza mji mzima kulala. Mwizi wa Mombasa leo hana haja ya kuogopa saireni, saireni ndo mlinzi wake, yamwambia kila mtu "ni lile gari la fulani tena, jifunikeni mto." Na mwenye gari jipya la maana, alamu yake yafanya kazi sawasawa, na yeye amekula hasara yetu, maana yake ikilia nasi twajifunika vilevile.

Halafu kuna hili, na hapa sifanyi mzaha. Bi mkubwa wa nyumba ya tatu alikuwa mgonjwa, ule ugonjwa wa mwisho. Usiku mmoja gari langu lililia mara tatu. Asubuhi mwanawe akaja kunigongea, mtu mzima kunizidi, nami nimeshajitayarisha kutukanwa. Hakufoka. Akaniuliza kwa upole kama naweza kuliegesha mbali kidogo, mama ndo kwanza alikuwa amepata usingizi. Bora angenizaba kofi. Nikawa naliacha kule karibu na barabara kubwa na kurudi kwa miguu, na mwezi haukuisha tukamzika. Nikisikia mtu asema alamu "ni usumbufu mdogo tu" namkumbuka yule bwana mlangoni, macho mekundu, aniomba kana kwamba ni mie nimfanyiaye hisani.

Haya, turudi kwenye gari. Asubuhi ya jungu nikarudisha waya wa betri, nikapiga swichi, kimya, hata tik. Taa za dashibodi zawaka vizuri, stata haina habari. Nikamuita fundi waya wa kule Shimanzi, akaja na boda na kibegi chake, akacheka kwanza dakika nzima nilipomueleza, halafu akalala chali chini ya usukani, miguu nje. Kitu cha kwanza alichonambia, "usikate waya tena, kaka." Alianzia pale nilipokata saireni, akafuata nyaya zake mpaka zinapopenya kwenye ule mpira wa ukutani kati ya injini na ndani, akaingia ndani akaanza kuvua plastiki za chini ya dashibodi. Nyaya za gari lenyewe zina rangi na zimefungwa vizuri na tepu ya kiwandani. Zile za alamu zilikuwa nyeusi. Zote. Kama kumi na tano, nyeusi tii. Akanambia mafundi wengine wa zamani walifanya hivyo makusudi, mwizi asijue upi ni upi. Vizuri sana. Mwizi hakujua, mie sikujua, na fundi mwenyewe amelala pale saa moja na nusu na testa yake akipima mmoja mmoja. Zile zenye soketi za manjano akazipita mbali, hizo ni za eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajalini, hutaki testa iguse hapo ukapigwa mfuko wa uso.

Mkebe wenyewe, ule ubongo wa alamu, ulikuwa umefungwa juu kabisa nyuma ya mita ya spidi, umezungushiwa sponji ili usigongegonge. Pembeni yake sensa ya mtikisiko na kiskurubu chake kidogo cha kupunguza ukali, mtu alikuwa amekikaza mpaka mwisho, ndo maana mkokoteni ukipita kwake ni tetemeko la ardhi. Na waya mnene wa stata ulikuwa umekatwa katikati ukapitishwa kwenye relei, swichi inayoamrishwa na ule mkebe. Akaweka testa upande wa swichi, akanambia piga, taa ikawaka. Akaweka upande wa pili wa relei, piga, giza. "Hapa ndo umefungiwa." Akaitoa relei, akaunganisha ule waya na kuuchomelea risasi kabisa, si kuusokota na kuufunga tepu, maana wa kusokota kwa chumvi hii yetu haumalizi mwaka. Gari likawaka kwa mpigo wa kwanza.

Na chumvi ndo ilikuwa mchawi wa tangu mwanzo. Kuna kiswichi cha boneti, kipini kidogo chenye springi, boneti ikifungwa chabonyezwa chini, ikifunguliwa chapanda na waya unagusa bodi, alamu yajua boneti imefunguliwa. Chetu kilikuwa kimeshika kutu mpaka kimekuwa kijani, maji ya mvua yakiingia umeme wapita tu hata boneti ikiwa imefungwa. Fundi alikivunja kwa vidole kama kashata. Alamu yote ile, mikosi yote ile, kwa kidude cha kukisugua kwa msasa na kukipaka grisi.

Lakini bado. Anarudisha plastiki ndo akaona chini ya boksi la fyuzi kuna kitufe, kidogo, cheusi, kimefichwa. Kumbe ndo cha kuizimia alamu rimoti ikikataa, wapiga swichi, wabonyeza, yanyamaza. Kilikuwepo siku zote! Nusu shubiri kutoka kwenye goti langu! Bwana aliyeniuzia akajua kunieleza habari za "ni zile za nguvu" lakini kitufe hakuna. Nilimpigia simu, akanijibu "ahaa, kweli, kipo." Ahaa kweli kipo. Ukiuza gari, chukua karatasi hata ya daftari la mtoto, chora kitufe kiko wapi na waya gani umekatwa, tia kwenye droo ya dashibodi. Yakugharimu nini?

Sawa, nakubali, na nakubali kwa shingo upande, anayeacha gari kutwa Likoni akavuka feri kwa miguu kwenda kazini ana haki ya kutaka kitu. Na wapo wa bima watakuuliza. Lakini kitu chenyewe si lazima kipige kelele. Uingereza tangu Oktoba 1998, mwaka huohuo lilipotengenezwa hili la kwangu, kila gari jipya dogo lilitakiwa liwe na kifaa cha kuizuia injini isiwake bila funguo yake, na kifaa hicho hakilii, hakiamshi mtu, chakataa tu kimyakimya. Hata mie ningebaki na ile relei ya stata peke yake na kiswichi kilichofichwa ningekuwa salama kuliko na saireni. Nimefikiria, pengine nitairudisha.

Na kwa wale wa sheria, ndio najua kanuni za kelele za Kenya za 2009 zipo, kikomo cha usiku kwenye makazi ni desibeli 35, na saireni yangu ilikuwa zaidi ya 100. Nitajie ofisa atakayekuja huku kwetu Tudor saa tisa usiku kupima.

Kitu kimoja fundi hakukitoa ni kile kitaa chekundu cha dashibodi. Nilimuomba akiache, akakifungia umeme peke yake, kikawa chapepesa usiku kucha bila ya chochote nyuma yake, kama mlinzi aliyeacha koti lake kwenye kiti akaenda zake kulala. Jana ami alinisimamisha nikitoka msikitini.

"Kijana, siku ya sita leo nimelala. Lile jini umelipeleka wapi?"

"Liko kwenye jungu, ami."

"Basi usilifunue."