Kadi ya Mutombo ni Rahisi, na Hilo Halimpunguzii Kitu

Januari 2021 kadi ya kukusanya yenye picha ya mchezaji wa kikapu Michael Jordan, iliyotolewa na kampuni ya Fleer msimu wa 1986-87, ikiwa na alama 10, ya juu kabisa, ya PSA, kampuni inayopima hali ya kadi, iliuzwa mnadani kwa dola 738,000. Kadi za msimu wa kwanza wa Dikembe Mutombo, 1991-92, zinapatikana kwa dola chache kama hazijapimwa. Jordan ana ubingwa mara sita. Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alizuia mitupo 3,289, wa pili katika historia ya NBA nyuma ya Hakeem Olajuwon, na mara nne alikuwa mlinzi bora wa mwaka. Hawalingani, sawa. Lakini hawajaachana kwa dola laki saba.

Sehemu kubwa ya pengo hilo imetoka kiwandani. Mwaka 1986 kadi za kikapu hazikuwa na wanunuzi wengi. Pakiti ya Fleer iliuzwa senti 40, na watoto walizichezea hadi zikachakaa. Kufikia 1991 Fleer, Hoops, SkyBox na Upper Deck zote zilikuwa zikichapa bila kipimo, na kila mnunuzi alizificha kabatini akingoja utajiri. Hazikuadimika, basi hazikupanda.

Wanaotetea soko wana hoja ambayo siwezi kuipuuza: pesa ndiyo iliyoziokoa kadi hizi na jalala. Bila bei, nani angejisumbua kupima hali ya kadi au kuthibitisha kwamba sahihi si ya kughushi? Heshima nayo ina gharama zake.

Ila pesa hizo zina wazimu wake. Machi 2021 PSA ilisitisha kupokea kadi nyingi kwa jinsi zilivyorundikana. Mei, maduka ya Target yakaacha kuziuza kwa muda baada ya ugomvi nje ya duka moja huko Wisconsin. Kabla mwaka haujaisha, kadi ileile ya Jordan yenye alama 10 ilikuwa ikiuzwa chini ya nusu ya bei ya Januari. Walioumia ni waliochelewa kuingia.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba soko huitukuza kadi ya mwanzo, ile isiyojua lolote kuhusu mchezaji. (Ya Jordan si ya mwanzo hata kidogo: alianza NBA mwaka 1984.) Kadi ya Mutombo ya 1991 inaweza kukusimulia habari za chuo cha Georgetown, basi. Haijui kwamba mwaka 1994 timu yake ya Denver, iliyoshika nafasi ya nane, ingeitoa Seattle iliyoshika nafasi ya kwanza, naye alale sakafuni akiukumbatia mpira. Ukitaka kumheshimu kwa kazi aliyoifanya, geuza kadi za miaka yake ya Houston, timu yake ya mwisho, usome mistari ya takwimu: Denver, Atlanta, Philadelphia, New Jersey, New York. Hizo ndizo wachuuzi huzitupa kwenye boksi la bei ya chini.

Kwa mkusanyaji wa Lubumbashi au Dar es Salaam, usafirishaji kutoka Marekani huenda ukazidi bei ya kadi yenyewe, kwa hiyo ni afadhali aagize za misimu kadhaa katika kifurushi kimoja.